Kikasha Kwenye Kabati la Vikombe

Shangazi mpendwa wa ukurasa huu,

Nakuomba unishike mkono kabla jirani yetu hajaruhusiwa kutoka hospitali, maana akitoka tu kabati letu la vikombe litafunguliwa mbele ya watu, na ndani yake kuna jambo ninalolijua mimi peke yangu, nimelibeba mpaka utamu wa chakula siuoni, na nyumbani wananiuliza mbona nimepoa hivi, nami nasema ni joto.

Mimi ni mke wa mtu, nina binti mmoja mdogo, na kazi yangu ni kupiga pasi katika duka la dobi, ila duka limefungwa tangu ugonjwa huu uingie, kwa hiyo siku hizi napiga pasi nyumbani tu, mashuka yetu wenyewe, foronya, mpaka matambara ya jikoni, na mume wangu ananitania kwamba kuna siku nitampiga pasi yeye akiwa amelala. Mume wangu ni fundi wa mafriji. Tunaishi na baba yake mzazi, mzee mpole, lakini kwenye mambo ya kanisa hana dogo. Ni mhudumu wa komunyo katika parokia yetu, mmoja wa wale walei ambao Padre huwatuma kuwapelekea wagonjwa majumbani, na kwa kazi hiyo ana kikasha kidogo cha duara, cha rangi ya dhahabu, kinachoenea kwenye kiganja, ambamo huibeba hostia, kile kimkate chembamba cha komunyo, iliyokwisha kugeuzwa kuwa Mwili wa Bwana.

Sasa, Jumapili ile ya mwisho kabla Misa za watu hazijasimamishwa, Padre alimpa Baba hostia moja ampelekee Mama Cherehani, fundi wetu wa kushona, jirani yetu kabisa, ambaye miguu ilikuwa imemvimba hawezi kufika kanisani. Baba alipofika akakuta mlango una kufuli na majirani wamesimama mbalimbali wakisema gari la wagonjwa limeondoka naye sasa hivi, homa imempanda ghafla, ni huo huo ugonjwa. Baba akageuza njia kurudi kanisani, akakuta geti limefungwa, Padre naye amewekwa karantini kwa sababu alimpa mkono mtu aliyekuwa nao. Basi mzee wa watu akarudi nyumbani na Mungu kiganjani.

Aliingia bila kusalimia. Alisimama katikati ya sebule akizungusha macho, akitafuta mahali, juu ya televisheni akakataa, juu ya friji akakataa, chumbani kwake akasema kuna nguo chafu. Mwishowe akafungua kabati la vikombe, lile la vioo, akaondoa vikombe vya wageni kwenye rafu ya juu, akatandika kitambaa cheupe, akaweka kikasha chake, akafunga, akapiga goti. Sisi tulikuwa tunakula. Mume wangu akabaki na tonge mkononi, na binti yangu akauliza, "Babu, Mungu atakaa na vikombe?" Baba akamjibu, "Atakaa na sisi kidogo, mjukuu wangu. Kwake kumefungwa."

Tukaishi hivyo, Shangazi. Mume wangu akachomoa kitaa chekundu kwenye friji lililokufa, akakiunganisha na waya, akakibandika juu ya kabati kiwe taa ya ibada, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona Baba akimpigapiga mwanawe begani. Nyumba ikaanza kunyamaza yenyewe. Hakuna aliyetukataza kupiga kelele, sauti zilishuka tu. Mume wangu, ambaye akiongea na simu mtaa mzima unajua friji la nani limegoma, akawa anatoka kwenda kuongelea uani. Televisheni ikageuzwa ikatazama ukuta. Chai tukawa tunanywea bilauri za plastiki, kwa sababu nani angethubutu kufungua lile kabati kuchukua kikombe? Na nje nako kimya, barabara tupu, unamsikia mtu akitembea tangu anapoanza mtaa mpaka anapoumaliza. Jua linaingia dirishani, linatambaa juu ya zulia, linapanda kabatini, linagusa vioo, navyo vioo vinarusha vidoa vya mwanga darini, vidoa vinatembea polepole mpaka jioni, na mimi nimekaa na nguo mapajani navitazama tu. Watu wanaumwa, watu wanazikwa bila hata kusindikizwa, naogopa kusema, lakini nilikuwa na raha. Niliamka nimesahau ni siku gani na sikuona haja ya kuuliza.

Kila asubuhi Baba aliniita kwenye kabati. Yeye ananyanyua kikasha kwa mikono miwili, mimi navuta kitambaa, nakinyunyizia maji, nakipiga pasi, na kabla hakijapoa nakitandika tena, naye anakiweka kikasha juu ya joto lile lile. Hatusemi neno. Mimi na baba mkwe wangu tumeishi siku zote kwa adabu ya shikamoo Baba, marahaba mama, basi yakaishia hapo, lakini asubuhi zile nilimpenda kama aliyenizaa.

Hapo katikati Padre akapiga simu, Baba akaweka sauti ya nje, kwa hiyo sote tulisikia. Padre alisema, "Mzee, hiyo hostia ipokee wewe, au mtu wa hapo nyumbani aliye tayari kupokea. Isikae hapo. Sebule si tabernakulo." Baba akasema, "Sawa, Padre." Akakata simu, akaenda zake kumwagilia maua. Hakuipokea. Nilipomuuliza, akaniambia, "Mama, mimi nimelelewa kwamba chakula cha mgonjwa hakiguswi. Hili ni fungu la Mama Cherehani. Akitoka atalikuta." Nikasema, "Na Padre je?" Akasema, "Padre ana mambo mengi."

Sasa nifike kwenye lenyewe, ingawa mkono ni mzito. Mimi na mume wangu tulifunga ndoa kwa msajili, haraka haraka, binti yetu akiwa njiani, na mume wangu akaniahidi kwamba ya kanisani tutafunga ya heshima, ukumbi, shela, keki ya kupanda ngazi, ila kila mwaka umekuja na sababu yake. Ndoa ya msajili peke yake kanisa letu haliihesabu, kwa hiyo sipokei komunyo. Nilipokea nikiwa msichana, tangu nimeolewa basi. Kila Jumapili watu wakisimama kwenda mbele mimi nakaza magoti upande wapite, na hakuna anayenitazama, yaani wanaona aibu kwa niaba yangu. Mume wangu halimsumbui, wakati huo yeye hutoka nje kupokea simu. Na Baba ndiye anayegawa upande wetu, na akifika usawa wa benchi letu macho yake huyaelekeza kwenye chombo cha hostia, hayainui mpaka atupite. Halafu Misa zikasimamishwa, tukawa tunasikiliza ya redioni, na unapofika wakati wa kupokea mtangazaji anasema tusali sala ya komunyo ya tamaa, wale wasioweza kupokea, na Shangazi, sala hiyo mimi ni mzoefu, mume wangu anaigugumia, Baba mwenyewe anasoma kwenye karatasi, mimi naijua kwa moyo. Kwa mara ya kwanza dunia nzima ilikuwa imekaa benchini na mimi. Nilifurahi. Hata hilo naliungama kwako.

Siku hiyo tulikuwa tumemaliza chakula cha mchana, Baba amesinzia kwenye kiti chake, mume wangu na binti wako uani wanafua, redio inaimba kwaya kwa chini. Binti yangu alikuwa ameacha bakuli la sukari juu ya kabati. Nikaona mstari wa sisimizi umetoka kwenye bakuli, umeshuka kwenye kioo, umeingia kwenye ufa wa mlango, na baadhi wanazunguka juu ya mfuniko wa kikasha. Nikafungua kabati, nikawapuliza, nikakinyanyua, nikasema ngoja nione kama wameingia ndani, nikafungua mfuniko. Hawakuwa wameingia. Hilo nalisema wazi kwa sababu nimejaribu mara nyingi kujidanganya kwamba walikuwa wameingia na mimi niliokoa. Ilikuwa safi, nyeupe, nyepesi kama kishikizo cha shati la mtoto, peke yake. Ningeweza kufunga. Sijui nilisimama muda gani. Ninachojua ni kwamba ilikuwa tayari kinywani mwangu, imenata kwenye kaakaa kama ilivyonata siku ile ya kwanza nikiwa msichana wa soksi nyeupe, nami nimeziba mdomo kwa kiganja, vidoa vya mwanga vinatembea darini, na nikawa ndani ya usingizi bila kulala, nasikia nyumba nzima inapumua pamoja na mimi, hakuna aliyekosekana wala kitu kilichopungua. Mpaka ikayeyuka. Nikafunga kikasha, nikakirudisha, nikafuta sisimizi kwa kitambaa kibichi, nikahamisha sukari. Baba akafumbua macho, akauliza, "Kuna nini?" Nikasema, "Sisimizi, Baba." Akasema, "Asante, mama." Ile asante inanichoma mpaka leo.

Tangu hapo sote tunakipigia goti kikasha kitupu. Mimi pia napiga, na sijui nampigia nani. Juzi Baba alipiga goti mimi nikiwa nimesimama kati yake na kabati, nikarudi nyuma mbio, nikajigonga kwenye meza. Asubuhi bado tunapiga pasi kile kitambaa. Wakati mwingine najiambia, si Padre alisema mtu wa nyumbani? Mimi si mtu wa nyumbani? Halafu najinyamazisha mwenyewe.

Kinachonimaliza ni Mama Cherehani. Anapiga simu kutoka wodini, sauti inakatika kwa kikohozi, anamuuliza Baba, "Fungu langu lipo?" Baba anasema, "Lipo, mama, tunalilinda." Naye anasema, "Basi nitameza vidonge vyao. Msimpe mtu." Muuguzi alimwambia Baba kwamba yule mama alikuwa amekataa kula, amegeukia ukutani, na alianza kula siku alipoambiwa komunyo yake inamngoja. Sasa anatembea kwa kushika ukuta, siku yoyote watamruhusu, na Baba ameshavipiga kiwi viatu vyake.

Na lipo jingine. Duka letu la dobi hufua vitambaa vya masista wanaooka hostia za parokia, na sista mmoja huwa ananipa yale mabaki yanayobaki wakikata hostia, binti yangu anayapenda. Nilimpigia simu nikamwomba moja nzima, ya kawaida, ambayo haijafika altareni, nikamwambia ni ya kumfundishia mtoto. Aliniletea getini ndani ya bahasha. Iko kwenye droo ya soksi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Baba hatajua, Mama Cherehani hatajua, atapokea, atafurahi, atapona kabisa, na nyumba yetu itabaki na ule utulivu wake. Kila nikifungua droo naitazama ile bahasha, nayo kama inanitazama.

Niiweke, Shangazi? Au niseme, nimvunje mzee moyo, na yule mama arudi kugeukia ukuta? Nijibu upesi.

Wako,
Mpiga Pasi

JIBU LA SHANGAZI

Mwanangu Mpiga Pasi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mpaka chai ikapoa. Umeandika kwa utamu, na utamu huo ndio ulionitia wasiwasi, kwa sababu mtu anayelisimulia jambo zito kwa sauti ya kubembelezea mtoto yuko karibu kulizoea. Amka, unawe uso, ukae kitako.

Kabla hujasoma mstari mwingine, nenda kwenye droo ya soksi. Itoe hiyo bahasha, mpe binti yako hiyo hostia aile kama anavyokula yale mabaki, halafu urudi. Nakungoja.

Umerudi? Haya, sasa tunaweza kuongea. Ulichofanya siku ya sukari ulikifanya ukiwa nusu umelala, na nakuamini. Lakini hili la droo ulilifanya ukiwa macho kodo. Ulipiga simu, ukamdanganya sista wa watu, ukaficha, ukapanga siku. Yaani mama ametoka kwenye mdomo wa kaburi, anafumba macho, anasema Amina, anapokea kipande cha unga na maji, na wewe umesimama pembeni unajua! Ungekaa vipi mtaa mmoja naye? Siku akikupima gauni, mkono wake kiunoni kwako, ungetazama wapi? Hilo lingekula roho yako mpaka uzeeni, na kila ukitaka kulisema lingekuwa limeota mizizi zaidi. Umeniandikia kwa wakati, mshukuru Mungu kwa hilo.

Mimi si padre, dhambi za watu sina mizani yake. Nenda kaungame. Nasikia mapadre wanawasikiliza watu uwanjani siku hizi, kiti huku na kiti kule, barakoa usoni, kwa hiyo usiniambie kanisa limefungwa. Ila ukifika huko usijifiche nyuma ya ile simu. Padre alisema mtu aliye tayari kupokea, na wewe mwenyewe umeniandikia kwa mkono wako kwamba tangu umeolewa hupokei, na kwa nini. Mtu wa nyumbani ndiyo, tayari hapana. Na sisimizi waache, wameshafanya kazi yao.

Nimekukaripia, sasa nikuambie na la pili. Nimekuonea huruma sana. Wapo watakaosoma kwamba ulifurahi waumini wote walipokosa komunyo, na watakunja uso. Mimi sikukunja. Mtu aliyekaa peke yake miaka yote hiyo, watu wakimpita magotini na kujifanya hawamwoni, akigeuka akakuta wote wamekaa naye, unataka afanyeje, alie? Hukufurahia ugonjwa, mwanangu. Ulifurahia kupata wenzako.

Lakini upweke huo una mwenyewe, na mwenyewe ni fundi mafriji. Mpe gazeti asome kuanzia hapa. Bwana fundi, hujambo? Umeweza kutengeneza taa ya ibada kwa kitaa cha friji bovu, hongera, una akili. Hiyo akili ilikuwa wapi kwenye ndoa yako? Ulikuwa unangoja ukumbi, shela, na keki ya kupanda ngazi. Kumbi zimefungwa. Mikusanyiko imekatazwa. Hakuna wa kumwalika na hakuna wa kununa kwa kutoalikwa. Padre, nyinyi wawili, mashahidi wawili, madirisha wazi, kwisha kazi. Visingizio vyako vyote vimeondolewa kwa mkupuo mmoja, na hutaipata tena nafasi kama hii. Pigia parokia simu wiki hii uulize kinachotakiwa, na simu hiyo usiende kuipigia uani, ipige sebuleni mkeo akisikia. Mrudishie mkeo gazeti.

Mwanangu, turudi kwa mzee. Nampenda huyo mzee bila kumjua, lakini naye ana lake. Aliambiwa na Padre wake afanye jambo, akasema sawa, akaenda kumwagilia maua. Chakula cha mgonjwa hakiguswi, sawa, ni malezi mazuri, ila hapo amechanganya mambo. Anajua vizuri kuliko mimi kwamba hostia itakayogeuzwa kesho na ile aliyoibeba siku ile ni Bwana yule yule, Mama Cherehani hakuwa na yake ya peke yake. Nadhani mzee alipenda tu kukaa naye. Nyinyi nyote mlipenda. Kanisa limefungwa, mtaa umenyamaza, na Mungu yupo hapo penye vikombe, nani angetaka kumrudisha? Nisingetaka hata mimi. Kwa hiyo kwa Padre mtakwenda wawili, na kila mmoja ana la kusema, na hilo likufariji kidogo.

Utamwambia kesho asubuhi. Usiseme ukipata nafasi, nafasi unayo kila siku. Ni ule wakati anapokuita kwenye kabati, kabla hajanyanyua kikasha. Mumeo awe nje, mtoto awe nje, pasi iwe imezimwa. Mwambie kwa kinywa, usimpe gazeti hili, yeye hastahili kulijua jambo la nyumba yake kwa kulisoma. Akinyamaza, usiujaze ukimya wake kwa maneno. Akilia, mwache alie. Akikasirika, ikubali hasira yake yote, maana umemwacha mzee wa magoti mabovu akipigia goti kikasha kitupu asubuhi na jioni, na haki ya kukasirika anayo. Usikimbilie chumbani. Kaa pale pale mpaka amalize.

Kisha mpigieni Padre simu, siku hiyo hiyo, mmwambie kuna mama anatoka hospitali na anaomba komunyo. Wagonjwa ndio wa kwanza kufikiriwa. Atakuja mwenyewe kwa tahadhari zake zote, au atamtuma mzee, na hicho kikasha kitajazwa inavyopaswa. Ungeuliza tangu mwanzo usingefika kwenye soksi. Na kuanzia kesho Mama Cherehani asiambiwe tena kwamba lipo. Akipiga simu, mzee amjibu, "Mama, Padre anakuletea." Ni kweli tupu, na inatosha kumfanya ameze vidonge. Akishapata nguvu utakwenda kwake umweleze mwenyewe kwamba lile fungu la kwanza lilikwenda wapi. Unaogopa atageukia ukuta. Mama aliyeushinda ugonjwa huo kwa ubishi hatageukia ukuta kwa ajili yako, usijipe ukubwa huo. Anaweza akakufokea. Anaweza pia akacheka. Vyote viwili utavimudu.

Utulivu wa nyumba yenu nao utavunjika, najua unauonea uchungu. Televisheni itageuzwa, mumeo atarudi kupiga kelele zake, mtakunywea chai kwenye vikombe. Uache uvunjike. Utulivu unaotegemea mtu mmoja anyamaze siku zote huo ni mzigo wa huyo mmoja, na huyo mmoja ni wewe.

Nimebakiza neno moja ndipo nikuache. Barua yako nimeipekua juu mpaka chini nikitafuta mahali ulipowahi kumwambia mtu wa nyumbani kwako kwamba kukosa komunyo kunakuuma. Sijapaona. Mumeo hajui, yeye yuko nje na simu. Mzee akifika kwako anainamisha macho, anadhani anakusitiri. Padre hujampigia. Umekuja kuniambia mimi, mtu wa gazetini usiyemjua hata sura. Kwa hiyo kesho mbele ya mzee usianze na kosa lako. Anza na lile ulilopaswa kulisema tangu ulipoingia nyumba hiyo, na yeye atayaelewa yaliyobaki hata kabla hujamaliza. Mwambie, "Baba, nilikuwa na njaa."